MJADALA: Mtu wa miaka hamsini aeleze kusudi lake kwa mfano, au aseme wazi?

Mwezeshaji, Mwanga (mwanzisha mada)
Habari za jioni, wadau. Kwenye semina za watumishi wanaokaribia kustaafu hapa Kigoma kuna zoezi limekuwa kama desturi. Kila mtu anapewa karatasi amalizie sentensi: "Maisha yangu sasa ni kama…" Wengi ni wa miaka 45 hadi 58. Wapo wanaotaka zoezi lifutwe, wanasema linazaa mashairi badala ya mipango. Wengine wanasema mtu mzima ukimuuliza kusudi lake kavukavu atakujibu "tunamshukuru Mungu" na hapo umefika mwisho. Mimi naegemea libaki. Sharti la mjadala ni moja: ukitaja mfano, upasue tuone ndani kuna nini.

Mhasibu wa Gungu
Lifutwe. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, na kikokotoo cha pensheni hakijui tashibiha. Jibu linaloongoza kila semina ni "mimi ni mshumaa, nawaka ili wengine waone." Haya, tuupasue. Mshumaa una nta na utambi. Nta ikiisha, utambi unalala kwenye kisahani na aliyemulikiwa anawasha mwingine. Kwa hiyo huyu ndugu ametuambia mpango wake ni kuisha, na ukumbi mzima umempigia makofi! Muulizeni maswali matatu tu: utafanya nini, utamfanyia nani, kwa fedha ipi. Robo saa inatosha.

Mwalimu wa Kiswahili, Tabora
Habari za jioni. Mhasibu, ubovu wa mshumaa usiufanye ubovu wa mifano yote. Kwanza tofautisheni vitu viwili ambavyo wawezeshaji huvichanganya. "Mimi ni kama gari kuukuu" ni tashibiha. Lile neno "kama" linaacha upenyo, unaweza kumuuliza mtu ni kama kwa lipi, na si kama kwa lipi. "Mimi ni gari kuukuu" ni sitiari, na mlango umefungwa. Mwenye miaka hamsini akishajifungia humo, kumtoa ni kazi. Karatasi iseme "ni kama", na msimruhusu mtu alifute.

Pili, mifano ya kuazima. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, alilinganisha maisha na mwendo wa jua: linapanda, linafika utosini, linashuka. Ndiyo maana kwenye semina unasikia "jioni ya maisha". Kwetu saa inahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, kwa hiyo mfano unakaa vizuri kuliko huko ulikotoka. Mpe mtu miaka 72 igawanye kwa saa 12, kila saa ni miaka sita. Mwenye 48 yuko saa nane mchana. Mwenye 54, saa tisa alasiri. Anaona kwa macho yake kwamba bado kuna mwanga wa kufanyia kazi.

Kijana wa Kibirizi
Shikamoo Mwalimu. Huo mfano wa jua ukiuleta mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, unapinduka. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jua likizama. Taa zinawashwa kwenye giza, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Kinachomfunga ni mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu dagaa wanatawanyika, taa hazina nguvu, watu wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi. Ukimwambia "jioni ya maisha" atakuelewa kwamba ndiyo kwanza anaripoti kazini.

Mwalimu wa Kiswahili, Tabora
Marahaba, mwanangu. Hilo sikulifikiria, na linanisaidia: mfano utoke kwenye kitu ambacho msemaji amekishika kwa mikono yake.

Mama Mise, Mwandiga
Kama ni vya kushika, mimi nasimama na mchikichi. Unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne baada ya kupandwa shambani, na mkulima anaukokotoa kwa miaka kama 25. Baada ya hapo watu husema umezeeka. Si kweli, bado unatoa mikungu. Shida ni urefu: kisu kilichofungwa kwenye ufito mrefu hakifiki, na mpandaji anaogopa. Sasa mweke hapo mkuu wa idara wa miaka 52. Anajua kila kitu, ila vijana hawamfikii. Wakibisha hodi ofisini wanatetemeka. Kusudi lake halijakauka, limekaa juu mno. Swali la kumuuliza si "utazaa nini?" bali "nani anaweza kukufikia, na kwa ngazi ipi?"

Halafu kuna mafuta mawili kwenye tunda moja. Nyama ya nje inatoa mawese, na hayo hayasubiri: mikungu ikikaa siku mbili tatu bila kukamuliwa, asidi inapanda na mafuta yanapungua ubora. Ndani ya kokwa kuna mise. Mise inasubiri, unaianika, unaivunja kwa wakati wako, mafuta yake ni ya aina nyingine kabisa. Wengi wetu tumekamua mawese miaka thelathini na kokwa tunalitupa jalalani. Ukitaka mtu aseme lake la ndani, muulize: mise yako ni ipi, na nani atakuvunjia? Maana kuna aina mbili za mchikichi: kokwa la dura lina gamba nene, na la tenera ni jembamba. Watu nao ni hivyohivyo, kuna wa kugonga mara moja na kuna wa kuhangaika naye.

Mfano unapokatikia: mti hauwezi kujishusha. Mtu anaweza.

Mstaafu wa bandarini
Mnazunguka wakati mfano wenyewe ni meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba. Ila nao unatajwa vibaya. Mtu anasema "mimi ni kama Liemba, nilizama nitaibuka," watu wanaitikia. Tuupasue sawasawa.

Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa makasha, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilitumika vitani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe, na kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na ilianza safari mwaka 1927 kama Liemba, meli ya abiria na mizigo. Miaka ya sabini ikawekewa injini za dizeli badala ya mvuke.

Sasa hesabuni sehemu zake. Moja, haikuzama kwa bahati mbaya, ilizamishwa na waliokuwa nayo. Anayesema "nilizama" aulizwe nani alifungua maji. Mara nyingine ni yeye, na alikuwa na sababu. Mbili, iliokolewa na grisi iliyopakwa KABLA. Mwenye miaka 50 ana nini alichokipaka grisi: afya, leseni ya ufundi, urafiki? Tatu, kuinuliwa mara ya kwanza hakukutosha. Nne, kati ya kuinuliwa na kuanza safari kuna miaka mitatu ya matengenezo, na hiyo hakuna anayeitaja akijifananisha. Tano, hili ndilo kubwa: haikurudi kwenye kazi yake ya vitani. Bodi ni lilelile, kusudi ni jingine, na baadaye hata injini. Anayetaka "kuibuka" ili awe alivyokuwa kwenye miaka thelathini hajaielewa Liemba.

Mhasibu wa Gungu
Mzee, shikamoo. Swali la grisi nalikubali, hilo lina namba ndani yake. Ila semina ina watu arobaini na saa moja na nusu. Nani atawapasulia wote?

Mrina asali, Sikonge
Watatu watatu, dakika kumi kila mmoja, wapasuliane wenyewe. Na wasilazimishwe kusema mbele ya ukumbi siku hiyohiyo. Sega ambalo nyuki hawajaliziba kwa nta lina maji mengi. Ukilivuna, asali inachacha ndani ya ndoo, hata ukiifunga vizuri. Mtu aliyetangaza kusudi bichi kwenye kipaza sauti anabaki analitetea, hata likichacha.

Muuguzi, Ujiji
Naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Kuna majibu ambayo si ya kupasua. Mtu akiandika "ni kama mtumbwi uliotoboka, nachota maji na mikono imechoka," usimwambie ataje sehemu tano za mtumbwi. Mvute pembeni wakati wa chai. Muulize analalaje, anakulaje, na kama amewahi kufikiria kuacha kuchota. Muulize kwa maneno hayohayo aliyoyatumia. Atajibu kwa mtumbwi yale ambayo angeyaficha ukimuuliza moja kwa moja. Kisha umsindikize kwenye kituo cha afya, usimpe namba tu. Kwa hili pekee, zoezi lisifutwe.

Mwezeshaji, Mwanga
Asanteni. Nimeandika upya karatasi kama ifuatavyo. Mstari wa kwanza: "Maisha yangu sasa ni kama…" (kitu ulichowahi kukishika). Wa pili: sehemu zake nne. Wa tatu: mfano unakatikia wapi. Wa nne ni wa Mhasibu: nini, nani, fedha ipi, kuanzia tarehe gani. Watatu watatu, bila kipaza sauti.

Kuna kimoja sijakiamua: mshumaa. Ukipigwa marufuku kabisa nusu ya ukumbi itakosa la kuandika.

Mhasibu wa Gungu
Waandike karabai. Ile angalau unaijaza mafuta.