Vakyumu ya mfuko au isiyo na mfuko, nyumba ina mtoto wa pumu?

Mkazi wa Tegeta: Habari wakuu. Natafuta vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya nyumbani. Barabara yetu ni ya vumbi, sebuleni kuna zulia la manyoya, na mtoto ana pumu. Muuzaji anasifia isiyo na mfuko, wati 2,000, eti mifuko ni gharama tu. Nichukue ipi?

Fundi Mota: Mkuu, kwa mwenye pumu chukua ya mfuko. Tofauti kubwa huonekana wakati wa kumwaga. Ukifungua chombo cha ile isiyo na mfuko, vumbi laini hupaa na kurudi sebuleni. Mfuko wa kitambaa wenye kizibo mdomoni unautoa na kuutupa umefungwa. Kwenye filta ya kutolea hewa tafuta maandishi HEPA H13, yaani inazuia angalau asilimia 99.95 ya chembe laini. Kagua pia mpira wa kuziba kwenye mfuniko. Ukichakaa, hewa chafu hupita pembeni na filta haisaidii kitu.

Wati zisikubabaishe. Huo ni umeme inaokula, si nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu vakyumu za nyumbani kufika hata wati 900, na mazulia yanasafishika.

Muuza Vipuri: Naunga mkono, ila kabla ya kulipa hakikisha mifuko ya modeli hiyo inapatikana, na ununue pakiti mbili papo hapo. Ukilazimika kuweka ya aina nyingine, pima kadibodi ya mdomoni mwa mfuko: urefu, upana na kipenyo cha tundu. Ikipwaya, vumbi linaenda kwenye mota.

Tafadhali usikung'ute mfuko wa karatasi ukaurudisha. Vitundu vyake vimeshaziba, hewa inapungua, na mota nyingi za nyumbani hupozwa na hewa hiyohiyo. Itapata moto hadi ijizime. Badilisha mfuko ukijaa robo tatu.

Mkazi wa Tegeta: Asanteni sana. Fundi anapiga msasa dari la jipsamu wiki hii. Naweza kufyonza vumbi lake?

Fundi Mota: Hapana, hata kwa ya mfuko. Azima ile ya pipa ya mafundi ujenzi, yenye mfuko ndani na filta ya vumbi laini.

Isiyo na mfuko ndiyo huumia zaidi. Inalizungusha vumbi kwa kasi: mchanga mzito unatupwa pembeni na kuanguka, lakini jipsamu na saruji huendelea na hewa mpaka kwenye sponji ya kuchuja hewa na kuiziba upesi. Sponji huoshwa kwa maji baridi bila sabuni, inakamuliwa, inaanikwa kivulini saa 24, masika hata 48. Ikirudishwa na unyevu, vumbi linagandia humo na mashine inanuka ukungu.

Muuza Vipuri: Kama nyumba ingekuwa vigae vitupu na mchanga wa viatuni, bila mgonjwa wa pumu, ningekwambia chukua isiyo na mfuko. Unamwaga nje, vumbi likifika alama ya MAX, mdomo wa chombo ukiwa ndani kabisa ya pipa la taka.