Sweet Bird of Youth mu Swahili: tufuate mwisho ya teatre ao ya filme?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Munivumilie, maneno yangu iko murefu.

Tuko na kikundi ya teatre, batu munane, tunafanyiaka repetisyo mu sale ya parwasi huku Katuba kila siku ya posho. Kaka moya wa kikundi alituletea filme ya zamani ya Marekani mu USB, Sweet Bird of Youth, ya 1962, Richard Brooks njo aliitengeneza. Tuliiangalia bote munane ku ordinatere moya, umeme ikakatika katikati, tukangoja mpaka ikarudia saa tano ya usiku na hakuna ata moya aliyerudia kwake. Tangu siku ile masolo yetu ni paka ile.

Kwa bale bahayaionaka: iko mama moya mucheza-sinema, Alexandra Del Lago, jina yake ilikuwaka kubwa sana, sasa miaka imepita. Akacheza filme ingine juu jina irudie, siku ya kuionesha akaona uso yake vile inajaa ekrani, akasikia batu banashituka mule mu giza, akakimbia. Anakimbilia mu pombe, mu dawa, na mu mikono ya kijana moya anaitwa Chance Wayne. Chance naye alitokaka mu muji yabo, St. Cloud, akaenda kutafuta jina ku Hollywood, jina haikukuya, sasa anarudia mu gari ya ule mama, Cadillac ya kufunguka juu, juu batu ba kwabo baseme kumbe alifika. Anarudia kwa Heavenly, mupenzi wake wa zamani. Lakini baba ya Heavenly ni Boss Finley, mukubwa wa politike mu ile jimbo, na alishaapa ule kijana asikanyage tena pale.

Filme inaisha vile banamupiga Chance na fimbo pa uso, ile uso mzuri njo yenyewe banaharibu, kisha Heavenly anatoka naye banaenda. Tulilia, tukapiga makofi. Kisha nikatafuta maandiko ya teatre yenyewe, ile Tennessee Williams aliandika, nikakuta mwisho yake haifanane ata kiloko. Mule Heavenly haendi naye. Mama Alexandra anaenda zake, Chance anabakia mu hoteli anangoja banaume bakuye bamukate uanaume yake. Na mbele bafike karibu anageukia siye tunaoangalia, anasema haombi huruma yetu, anaomba tu tujione mu yeye, na tumutambue adui mwenye kuwa mu siye bote, njo wakati.

Sasa kikundi imegawanyika. Nusu banataka mwisho ya filme, juu mutu akishalipa franga yake anataka kurudia ku nyumba na moyo mzuri. Nusu, na mie niko mule, tunataka ya teatre. Na kintu ya pili: mie njo nitacheza Alexandra, na niko na miaka 26. Nitafanya namna gani mama anayeogopa kuzeeka, bila kujipaka unga mu nywele kama batoto ba masomo siku ya proklamasyo? Bazee na bayaya munisaidie.

MuzeeKamalondo

Mwanangu, nianze na ile ya miaka, juu njo inakutisha na haipashwe kukutisha.

Geraldine Page mwenye kucheza Alexandra alizaliwa mwezi wa 11 mwaka 1924. Paul Newman mwenye kucheza Chance alizaliwa mwezi wa 1 mwaka 1925. Hesabu mwenyewe. Ule mama wa kuisha alimupita ule kijana wa kupendeza paka miezi mbili! Na beye bawili njo bale bale balicheza ile teatre mbele ya filme, ku Broadway, kule kwenye teatre kubwa za New York, kuanza tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 1959, Elia Kazan njo alibaongoza, ikachezwa mara 375. Siku ya kwanza kila moya alikuwa na miaka 34, na mu maandiko Chance eko na 29. Kwa hivi uzee ya Alexandra haikutokaka mu unga wala mu makunyanzi, ilitokaka mu woga. Angalia vile anaamuka mu ile scene ya kwanza, eko mu kitanda ya hoteli, hajue eko wapi, hajue ule kijana pembeni ni nani, pumuzi inamukosa mpaka anaitisha oksijeni. Mutu wa miaka 26 anajua kukosa pumuzi. Anzia pale.

Na ule mama wa kweli, Geraldine Page, filme hii ilimuweka mu bale ba kungojea Oscar na hakuipata, mu ile filme njo Ed Begley alipata, mwenye kucheza Boss Finley. Geraldine alingoja mpaka 1986, ilikuwa mara ya munane banamutaja, njo wakamupa. Ninasema hii juu ujue ni nani alitangulia mu viatu unataka kuvaa.

Sasa nikuambie kintu moya nilionaka na macho yangu. Kulikuwa mucheza-teatre moya wa hapa, jina ninaiacha, zamani akipita mu barabara batoto balikuwa bakimufuata banamuita na jina ya mu teatre, ata polisi walikuwa bakimucheka na furaha. Miaka ikapita. Siku moya nikamukuta ku soko ya Kenya, ile komine ya hapa Lubumbashi, anauliza-uliza bei ya mihogo, ule mama muuzishaji akamuuliza baba unatokeaka wapi, sikuyakuonaka. Unajua alifanya nini? Hakukasirika. Alinyoosha mugongo kwanza. Alinyoosha mugongo polepole, kama mutu anayejua taa iko inakuya kumuangaza, kisha akajibu, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani, mpaka batu ba pembeni bakageuka. Ile mugongo njo Alexandra, mwanangu. Ukipata ile mugongo, nywele ya mweupe haina kazi.

Ingine: musitafsiri neno kwa neno, mutakufa njiani. Groupe Mufwankolo, kile kikundi ya teatre ya hapa Lubumbashi, haikufanyaka vile. Johannes Fabian, mwalimu mwenye kusoma maisha ya batu, alibafuata mu 1986 vile balikuwa banatengeneza teatre yabo Le pouvoir se mange entier, akaandika kitabu muzima juu yake. Banaanza na mezali, banaizungumuza pamoya, banapanga scene, kisha kila mutu anatafuta maneno mu kinywa yake mwenyewe, mu Swahili ya hapa. Muikae na ile hadisi, muijue mpaka ikuwe yenu, kisha karatasi muiweke pembeni.

KakaKampemba

Mie sikubali mwisho ya teatre na nitasema juu ya nini.

Baba yangu alifanyaka ku Gécamines, ile kompani ya migodi, miaka 27, alikuwa chef d'équipe, mukubwa wa kikundi ya kazi, batu bakimuona ananyoosha mukono mbali bote banasimama. Mu 2003 wakaleta ile maneno ya départs volontaires, eti mutu aache kazi kwa kupenda kwake, batu zaidi ya elfu kumi bakatoka na bahasha, na baba mule ndani. Tangu ile mwaka nilionaka vile mutu anapitwa na batu bake mwenyewe, bale alibafundisha kazi, banapita na pikipiki hawasimame. Hatuhitaje kuletewa wakati mu teatre, wakati tunamujua, tunakulaka naye ku meza. Mwaka ile yote mama alikuwa akikaa na baba inje magaribi, hakusema kintu, alikuwa anakaa tu. Heavenly vile anatoka na Chance mwenye uso ya kuvunjika, kwangu ni mama yangu ule. Hiyo haiko uongo. Batu bale beko.

Mutupatie na ile.

DadaHimbi (Goma)

Kaka Kampemba, pole kwa ajili ya baba, nimesoma mara mbili. Lakini niruhusu nikuonyeshe kitu, maana naona munagombana juu ya mwisho tu kama vile mwisho ni kofia unaweza kutoa na kuweka ingine, na haiko vile.

Mimi nafundisha ku sekondari na hii habari nimeizunguka muda mrefu. Kwa teatre, Chance alimwambukiza Heavenly ugonjwa bila kujua, na binti ikabidi apasuliwe, akatoka pale hawezi tena kuzaa. Ndiyo maana baba yake na kaka yake wanataka kumfanyia Chance vile, wanasema umemkata na siye tunakukata. Ni ukatili mkubwa lakini una mizizi. Sasa wakati wanatengeneza filme, Marekani ilikuwa bado na ile kanuni ya Hollywood ya tangu 1934, inakataza vitu vingi kwenye sinema, basi wakabadilisha, ugonjwa ukawa mimba na mimba ikatolewa, na ile ya kukata mwanaume ikawa fimbo ya usoni. Ukishabadilisha kidonda unaweza kubadilisha dawa. Heavenly wa filme anaweza kwenda na Chance kwa sababu kilichompata kiko kitu anaweza kusamehe na wakaanza tena. Heavenly wa teatre yule amekauka, anasema mwenyewe anataka kuingia utawa, na ata utawa hawamuruhusu, baba yake anataka avae nguo nyeupe na kusimama naye mbele ya watu siku ya mukutano. Yule ukimpandisha ndani ya gari na Chance, watu watakaa kimya na haitakuwa kimya kizuri.

Kwa hiyo chagueni habari nzima. Mukichukua mwanzo wa teatre, muende na mwisho wake. Mukitaka mwisho wa filme, muchukue na mimba ya filme.

Na MwanaKatuba mdogo wangu, scene usiikimbie hata kama mutapunguza zingine zote ni ile ya simu. Chance anamlazimisha Alexandra apigie mwandishi mmoja mkubwa wa habari za sinema, amtaje yeye na Heavenly kama nyota wapya. Alexandra anashika simu anatetemeka, anafikiri ataambiwa ameisha, na kumbe anaambiwa ile filme aliyoikimbia watu wameipenda sana, amerudi! Na unamuona anarudi pale pale kwenye simu, sauti inapanda, na Chance yuko pembeni anamvuta, anamwambia nitaje, nitaje, na yeye hamusikii tena. Si kwamba anamchukia. Amemusahau, dakika moja tu, kama vile unasahau mwavuli. Mimi naona pale ndipo Chance anakufa, wale wanaume wa mwisho wanakuja kuzika tu.

Huku kwetu nimeona vijana wengi wakienda Kampala ao Kinshasa kutafuta jina kwa muziki, na mmoja wa mtaa wetu alirudi siku ya ndoa ya mtu mwingine na gari ya kukodi, anaendesha polepole mbele ya kanisa mara tatu, kioo chini. Watu walimpungia mikono. Hakuna aliyemuuliza kitu na yeye hakushuka. Mukimpata kijana wa kucheza ile gari, Chance mumempata.

MuzeeKamalondo

Dada wa Goma umesema vizuri sana, ile ya kidonda na dawa ninaikamata.

Kaka Kampemba, mie sikutaka kukujibu mbio. Baba yako ninamuheshimu bila kumujua. Ninaona tu mama yako na Heavenly habafanane, mama yako alikaa na mutu alimujengea nyumba, Chance alikuyaka na gari ya mutu mwingine. Lakini ile mama wa kukaa inje magaribi bila kusema, ule mu hii teatre eko, ni Aunt Nonnie, ule ndugu ya mama ya Heavenly, anamupendaka Chance tangu mutoto na anamuomba atoke mu muji mbele bamukamate. Ni kidogo tu anasema na hakuna mutu anamusikiaka. Umuombe MwanaKatuba akupatie ule mama umuandikie maneno. Ninasema kweli.

Na Boss Finley musimufanye wa kuchekesha. Mu teatre hotuba yake inaonekana mu televizyo kubwa, mutu mukubwa kuliko ukuta, na inje bakijana bake banapiga mutu mwenye kuuliza swali. Kila nikipita mu muji pembeni ya Bâtiment du 30 juin ninafikiriaka ile, juu ile nyumba ilijengwaka miaka ya 1950 kuwa teatre, na sasa ba députés ba province njo banakalia mule. Politike inapendaka nafasi yenye taa. Boss Finley anajua kusimama mu taa kuliko Chance, njo kinamufanya wa kuogopesha.

MwanaKatuba

Nimesoma yote kwa sauti mbele ya kikundi, tulikuwa sita, bawili mvua ilibazuia.

Tumechagua habari nzima ya teatre, dada Himbi, na ugonjwa yake na mwisho yake. Ile ya kukata hatutaionesha, ata mu maandiko haionekane, banaume banafika karibu, Chance anasema maneno yake, na basi. Boss Finley tutamuweka nyuma ya shuka na taa, kivuli yake tu, juu televizyo kubwa hatuna.

Kaka Kampemba, ukubali ao usikubali, Aunt Nonnie anakungojea. Tumemupatia jina Mama Noni. Ile ya kukaa inje magaribi bila kusema, tunaomba ruhusa yako tuiweke, na ukikatala tutaelewa.

Muzee, ile mugongo nimeijaribu leo mu scene ya simu. Mara ya kwanza nilifanya mbio sana, wakacheka. Mara ya pili nilingoja mpaka mwenzangu wa Chance akasema nitaje mara tatu, njo nikanyoosha. Hakucheka mutu. Yule kijana alishuka pale pale, akakaa chini bila kuambiwa, na tukaiacha vile.

KakaKampemba

Muiweke. Lakini kiti ikuwe ya mbao, ile ya chini, ya kukalia ku mukaa. Na asigeukie batu. Mama hakugeukaka.