Naomba ushauri: binti yangu wa miaka 9 anataka baiskeli, tunaishi Dar

Mama Nyanzala

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nimekulia Kishapu, Shinyanga. Kwetu baiskeli ndiyo ilikuwa miguu ya nyumba. Madumu ya maji, mahindi ya kusaga, marobota ya pamba, mgonjwa wa kukimbizwa zahanati, vyote vilipanda karia ya Phoenix ya baba. Aliinunua kwa pesa za pamba baada ya Swala yake kuchoka, zile zilizokuwa zikiundwa hapa hapa nchini. Kila Jumapili aliipindua, usukani na kiti vikakaa chini, akafuta spoki moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka amalize.

Nilijifunzia hiyo hiyo nikiwa na miaka minane. Kiti sikukifikia, hivyo nilipitisha mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya bomba, kiti nikakibana kwapani, naendesha mwili wote umelala upande. Kovu la mnyororo liko kwenye ugoko wangu hadi leo.

Sasa niko Kimara na binti yangu ananililia baiskeli tangu likizo ya Juni. Mume wangu anasema ni kutupa hela, baiskeli ni ya muuza mkaa na muuza maziwa. Mama mkwe anasema mtoto wa kike kupanda baiskeli si heshima. Mimi la heshima halinisumbui, ninachoogopa ni bodaboda. Mtaani kwetu zinapita kama mshale.

Phoenix ya baba bado nzima. Niiombe niisafirishe, fundi aipunguze, au nimnunulie ya mtumba? Na atajifunzia wapi? Naombeni msaada, nataka sana mwanangu aonje nilichoonja mimi.

Fundi Spoki

Dada, Phoenix muachie mzee. Ile ina gurudumu la inchi 28, chuma kitupu, breki zake za vyuma zinataka mkono wa mtu mzima. Fundi anaweza kushusha kiti, lakini fremu haipungui. Wewe ulipitisha mguu kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Chukua mtumba. Miaka 9 wengi wanatosha inchi 20, akiwa mrefu 24. Nenda naye mwenyewe, akae kitini, nyayo zote mbili ziguse chini. Usinunue kubwa ati atakua nayo kama sare ya shule. Baiskeli kubwa ndiyo inayowaangusha.

Kabla hujatoa hela, angalia maungio ya fremu, penye nyufa au rangi mpya mahali pamoja tu, achana nayo. Nyanyua gurudumu ulizungushe, likiyumba rimu imepinda. Kisha lishike ulitikise kushoto kulia, likicheza ujue gololi zimekwisha au ekseli imelegea. Hayo yote yanatengenezeka, ila yakushushie bei. Ufa wa fremu hautengenezeki ukaaminika kwa mtoto.

Kujifunza: fungua pedeli zote mbili. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, wengi wanaiharibu hapo kwa kulazimisha. Shusha kiti, mtoto asukume kwa miguu kama anakimbia amekaa. Akiweza kuinua miguu na kuserereka mita kumi bila kugusa chini, rudisha pedeli. Mwanangu wa kwanza nilimshikia kiti nyuma mwezi mzima, mgongo ukaniuma. Huyu wa pili kwa njia hii alimaliza kwa siku mbili.

Kimara–Posta

Jirani yangu huyu! Naendesha kwenda kazini mjini karibu kila siku. Kandokando ya njia ya mwendokasi Morogoro Road kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, na ndiyo iliyonipa moyo wa kuanza. Lakini nikuambie kweli, bodaboda wanaingia humo na meza za biashara zipo. Mtu mzima anakwepa. Mtoto wa miaka 9 asifike huko kabisa, hata akiwa na wewe.

Jingine, Kimara ni milima. Hapo breki zote mbili, mbele na nyuma, lazima zishike kabla hajatoka getini. Mfundishe kusimama kabla ya kumfundisha kwenda kasi. Mimi wangu nawapeleka uwanja wa shule Jumapili asubuhi, unaongea na mlinzi tu. Na kofia ngumu ni lazima, usimsikilize anayesema uwanjani haihitajiki.

Mjukuu wa Makunduchi

Mama Nyanzala, la mama mkwe usilibishe, mwoneshe tu. Mie nimekulia Unguja kusini, wasichana tulikwenda skuli kwa baiskeli na mabaibui yetu, na mama yangu alibeba gunia la mwani kwenye karia. Hakuna aliyemvunjia heshima. Sikukuu ya Idi hela yote tuliyopewa ilikwisha kwenye baiskeli za kukodi, mizunguko miwili mitatu unashuka, unapanga foleni tena.

La muhimu nguo. Avae suruali ndani, mtandio ufungwe, na ununue baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo. Hilo kovu lako la ugokoni yeye asilipate.

Mwana wa Busia

Niko Busia, upande wa Kenya. Bodaboda mnazoziogopa zilianzia hapa mpakani, na zilianza kama baiskeli, kuvusha watu na mizigo. Baba yangu alibeba abiria kwa baiskeli na ndiyo iliyotusomesha sote watano. Kwa heshima, mwambie shemeji kwamba kazi ya muuza maziwa si aibu, na baiskeli haijawahi kumshusha mtu.

Baba Wawili

Mimi nitasema tofauti kidogo. Kijana wangu aligongwa na pikipiki mtaani, akavunjika mkono. Alikuwa anajua kuendesha vizuri tu. Kosa lilikuwa letu, tulimwachia atoke getini peke yake kabla hajajua kuangalia nyuma. Simzuii mtu kununua. Ila weka sheria siku ya kwanza, nje ya geti ni pamoja na mkubwa. Na mfundishe kugeuza kichwa kutazama nyuma bila usukani kufuata. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, wangu alihitaji wiki kadhaa.

Mtu wa Pwani, Uholanzi

Naunga mkono Baba Wawili. Huku ninakoishi baiskeli ni nyingi kuliko watu, na bado watoto wa shule za msingi wanafanya mtihani wa kuendesha barabarani: kutazama nyuma, kunyoosha mkono unapokata kona, nani apite kwanza. Hakuna anayedhani mtoto anazaliwa anajua.

Mama Nyanzala

Asanteni sana, nimesoma neno kwa neno. Baba Wawili, pole kwa kijana. Sheria ya geti nimeshaiweka na baiskeli yenyewe sijanunua.

Jumamosi nakwenda naye Kariakoo. Mume wangu nimemsomea jibu la Busia, akakaa kimya, halafu akauliza inchi 20 inauzwaje. Mama mkwe bado.

Nimempigia baba. Phoenix amekataa kuitoa, bado inampeleka mnadani. Lakini amesema ataifungua kengele yake, ataifunga kwenye gazeti na kumpa dereva wa basi amletee mjukuu.

Fundi Spoki, swali la mwisho: kengele ya Phoenix itaingia kwenye usukani wa baiskeli ya mtoto?

Fundi Spoki

Bomba la usukani wa mtoto linaweza kuwa jembamba zaidi. Kata kipande cha tyubu ya zamani, zungushia mara mbili chini ya klampu, kisha kaza. Itashika.