Mrejesho: daftari la wakulima wa zabibu, Hombolo (Dodoma)

Wakuu, niliwauliza anayeanza ajifunzeje kufikiri kikompyuta, yaani kutatua tatizo kwa hatua zilizo wazi, bila kompyuta. Mkaniambia nichukue tatizo la kweli, nilivunje vipande. Nikachukua daftari la kikundi chetu cha zabibu: msimu wa mavuno tulikuwa tunapekua ukurasa kwa ukurasa kutafuta jina, foleni inarefuka juani. Tumeyapanga majina kwa alfabeti. Sasa nafungua katikati. Jina likiwa mbele, nusu ya nyuma naiacha, naendelea hivyo hivyo. Hata majina 1,000 hayazidi hatua 10! Mama mhazini hajawahi kugusa kompyuta, na ameelewa papo hapo. Asanteni sana. Kinachonisumbua ni wanachama wapya: tuwaingizeje bila kuandika daftari upya? Nafikiria kadi, kila jina na yake. Aliyewahi kuzitumia anijuze.