Mtumbwi wa baba, dagaa wa mama: ndoa ikivunjika tugawane vipi?

Wakuu, kuna ndoa ya hapa Kirumba, Mwanza, imevunjika, na sisi majirani tunabishana kuliko wenyewe. Mume ana mitumbwi miwili ya dagaa na nyumba Buhongwa, vyote kwa jina lake. Mke miaka yote yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki: anapokea mzigo alfajiri, anaanika, anageuza, anakimbizana na turubai wingu likifunga. Mume anauliza swali moja tu: risiti zake ziko wapi?

Msimamo wangu: ndoa ikishakuwa ya muda mrefu, tuanzie nusu kwa nusu. Anayetaka zaidi ndiye alete ushahidi. Sasa hivi mambo yako kinyume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na inataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Ila kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja huhesabiwa ni yake mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Nani aliwahi kuandikiwa risiti ya kugeuza dagaa juani?

Msinitajie kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kana kwamba ilimaliza kila kitu. Mahakama ya Rufani ilikubali kweli kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Lakini mama mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa kuwa iliona mwenendo wake umefuta mchango huo. Alishinda hoja, akakosa mali. Karibuni.

Mchangiaji wa Igoma: Mkuu, hiyo nusu yako itafanya vijana waogope kuoa. Mtu ana mtumbwi, injini na nyavu zake kabla hajaoa. Binti anakuja na begi la nguo. Mwaka wa tatu wanagombana, anaondoka na nusu? Bora tuishi hivyo hivyo bila ndoa.

Mama wa mwaloni: Mwanangu wa Igoma, kuishi hivyo hivyo hakukuokoi. Kifungu cha 160 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili na watu wakawajua kama mume na mke, inachukuliwa mmeoana, na mkiachana mahakama inaweza kugawa vilevile. Na huo mtumbwi wa kabla ya ndoa, kama umeboreshwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi zenu wote, nao unaingia kwenye mgao.

Sasa niwaambie hesabu ya huku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala. Siku hizo nyumba inakula nini? Inakula kikoba cha mama. Injini ikifa katikati ya msimu, fundi analipwa kwa mkopo nilioandikishwa mimi, wenzangu wa kikundi ndio wadhamini. Vijana wa mtumbwi wanakula ugali wangu. Mzigo ukiuzwa, pesa inaingia kwenye simu ya baba. Siku ya kugawana, simu yake inaonyesha miamala ya miaka, mimi naonyesha mikono iliyokauka kwa chumvi ya jasho. Mmeuliza risiti? Daftari la kikundi lipo, watu wakumbuke kulipeleka.

Mchangiaji wa Pansiansi: Mnagawana mali tu. Na madeni je? Mke akibaki na deni la injini, mume na injini?

Mchangiaji wa Ukerewe: Mimi nina wake wawili, ndoa zote halali. Nusu ni ya yupi?

Mwanzisha mada: Pansiansi, kifungu hichohicho cha 114 kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili. Deni la injini ni la mfano. Mama, usiache kulitaja.

Ukerewe umenibana. Kwa mitara nusu haigawanyiki, lazima twende kwa vipindi: kilichochumwa na mke wa kwanza kabla ya wa pili kuingia kisiguswe na wa pili. Hapo ushahidi hauepukiki, nakubali. Na ndugu wa Igoma, nimeandika ndoa ya muda mrefu. Ya miaka mitatu ipimwe kwa mchango kama ilivyo leo, sina ugomvi.

Kinachonisumbua zaidi ni kipindi cha kusubiri. Kabla ya mahakamani mnapitia baraza la usuluhishi, na huko mnaweza kuzungushwa. Nyumba ina kinga: kifungu cha 59 kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, na mke anaweza kuweka pingamizi kwa msajili hata kama jina lake halimo kwenye hati. Mtumbwi hauna kinga hiyo. Unauzwa usiku mmoja, asubuhi uko mwalo mwingine na rangi mpya, na wakati huo mke bado anatafuta nauli ya kwenda kuomba zuio la mahakama. Mnaofahamu kazi za BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo: mauzo ya mtumbwi yangeweza kuhitaji saini ya mwenza, au wenye mitumbwi mtagoma?