Tumelipia skripti inayotuma madeni ya jana, kisha tunaambiwa haiwezekani kuirekebisha

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla hapa Kariakoo. Tuliilipa kampuni moja ya jijini itutengenezee skripti (maagizo ambayo kompyuta inayatekeleza yenyewe) ya PowerShell, lugha ya Microsoft ya kuiamrisha kompyuta, ambayo kila jioni, tukishafunga hesabu, inakusanya orodha ya wateja tunaowadai na kumtumia mwenye duka kwa barua pepe. Orodha hiyo ni maandishi matupu, na skripti inakuwa tayari imeyashika kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Badala ya kuyaambatisha moja kwa moja, inayaandika kwanza kwenye faili ndani ya folda ambayo kila mfanyakazi anaifungua, kisha inaambatisha faili hilo.

Jumanne moja mwezi uliopita, kijana wa stoo aliliacha faili wazi kwenye Excel. Skripti ikashindwa kuandika juu yake, lakini haikusimama: ikaambatisha orodha ya jana yake na kuituma kama ya siku hiyo. Asubuhi mwenye duka akampigia simu mzee mmoja wa Mbagala, mteja wetu wa miaka mingi, kumdai fedha alizokuwa amezilipa mbele yangu, nami nikamwandikia risiti kwa mkono wangu. Mzee wa watu alikuja dukani na ile risiti mfukoni, hana hata la kusema.

Tulipolalamika, tulijibiwa kwamba kiambatisho lazima kiwe faili lililoko kwenye diski. Si kweli hata kidogo. Inayodai faili ni amri ya PowerShell ya kutuma barua pepe, Send-MailMessage, ambayo Microsoft wenyewe wameshaitangaza kuwa imepitwa na wakati. Ndani ya .NET, mfumo wa Microsoft wa kutengenezea programu ambao PowerShell imejengwa juu yake, ipo amri ya CreateAttachmentFromString, inayopokea maandishi na jina la kiambatisho, basi. Nilipowaonyesha, wakatumia MemoryStream, yaani hifadhi ya muda ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, wakaandika ndani yake na kusahau kurudisha Position, alama ya mahali pa kuanzia kusoma, kwenye 0 kabla ya kutuma; siku tatu mfululizo tukapokea kiambatisho cha baiti 0, yaani kitupu.

Majina ya watu na madeni yao ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi tunaozikusanya. Nataka sehemu inayoandika kwenye diski iondolewe, na skripti ikishindwa isitume chochote ila taarifa ya kosa. Aliyewahi kudai marekebisho kwa mkandarasi aliyekwisha kulipwa yote, naomba anieleze alianzia wapi.