Nimeambiwa nikaimu ukuu wa udahili chuoni, nikubali au nikasome masta kwanza?

Binti_Nzuguni: Wakuu habari zenu. Niko Dodoma, afisa udahili chuo binafsi. Bosi wetu anastaafu nimeambiwa nikaimu, na hapohapo nataka kuanza masta UDOM, sasa masomo yanaanza kipindi kilekile cha udahili ambacho sisi hatulali. Kazi naipenda jamani, dogo anatoka Kondoa na bahasha ya vyeti hajui kombi yake ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) inamruhusu kusoma nini, ukimwelekeza akaelewa unasikia raha kabisa. Ila wakubwa wanataka namba tu, kila asubuhi wangapi wamethibitisha. Nifanyeje?

Mzee_wa_Makulu: Hongera dada. Enzi za CAS, ule mfumo wa udahili wa pamoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ulioanza 2010, chuo kilikuwa kinapokea majina tu. Tangu 2017 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, ndo maana hicho kiti kimekuwa kizito, wanafunzi lazima uwatafute. Na mtu mmoja anachaguliwa vyuo vitatu anathibitisha kimoja, hapo bado HESLB, bodi ya mikopo, mkopo ukitoka pungufu mtoto wa mkulima haripoti. Ukipanga hosteli na walimu kwa orodha ya waliochaguliwa umeumia. Kubali, unaijua kazi.

Sista_AreaD: Mzee shkamoo, mi sikubaliani. Nimeona watu wanakaimu wee, nafasi ikitangazwa inataka masta anapewa wa kutoka nje. Dada nenda kasome.

Mdogo_wa_Kibaigwa: Kwani hawezi vyote? Aombe kuanza masta mwakani, mwaka huu akaimu

Sista_AreaD: Hapo sawa, ila iwe kwa maandishi. Barua ya ukaimu yenye muda na posho, na ruhusa ya masomo iandikwe humohumo, maneno ya ofisini hayadumu.

Binti_Nzuguni: Asanteni sana, hili la mwakani nimelipenda. Mzee na hizi namba nijilindeje?

Mzee_wa_Makulu: Marahaba Sista. Binti, waambie mapema upimwe kwa waliosajiliwa na wakafika mwaka wa 2, sio waliochaguliwa. Na usikubali kuingiza asiye na sifa ili idadi itimie hata akikupigia nani, TCU wanahakiki majina, likirudi chuo kitauliza nani alipitisha, na mtoto ameshalipa ada.

Binti_Nzuguni: Nimekuelewa mzee wangu. Jumatatu napeleka ombi la barua.